Springi za upepo nyuma ya gari la kulala: zinainua gari, hazipunguzi mzigo

Katika gereji za Arusha na Moshi yanazunguka madai mawili kuhusu springi za upepo. La kwanza linasema ukizifunga nyuma, gari linapata uwezo wa kubeba zaidi. La pili linasema hizo ni za mabasi ya lami, na ukienda nazo Serengeti zitapasuka kabla hujafika lango la Naabi. Kila dai lina mahali lilikotokea, na yote mawili yana hasara. Anayeamini la kwanza hujaza gari mpaka chasisi ipasuke. Anayeamini la pili huendelea kuendesha gari lililokaa chini nyuma, taa zikiwapiga madereva wenzake machoni, huku dawa ya tatizo lake ipo.

Tuanze na majina ya vitu. Gari la kulala ni gari lenye kitanda, jiko na tenki la maji ndani yake. Linaweza kuwa van kama Sprinter au Ducato ya mgeni aliyeshuka kutoka Ulaya kwa barabara, lori dogo lililojengewa nyumba mgongoni, au Land Cruiser iliyofungwa hema juu na droo za jikoni nyuma. Yote yana tabia moja: mzigo wake haushuki. Pikapu ya kubebea ndizi huenda sokoni imejaa ikarudi tupu, springi zikapumzika. Gari la kulala hubeba kitanda, betri, friji na maji mwaka mzima, hata likiwa limeegeshwa. Springi za chuma zilizokaa chini ya mzigo miaka mingi hulegea, na nyuma ndiko hulegea kwanza, kwa sababu nyuma ndiko tunakorundika vitu.

Springi ya upepo ni puto la mpira mnene lenye nyuzi ndani, lililobanwa kati ya chasisi na ekseli, likajazwa upepo. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu jina hilo hubeba mifumo miwili isiyofanana.

Mfumo wa kwanza ni wa upepo mtupu. Springi za chuma hazipo, na puto peke yake ndilo linaloshikilia gari. Ndivyo yalivyo mabasi mengi makubwa ya mikoani: kompresa inaendeshwa na injini, kuna matenki ya akiba, na kuna valvu yenye mkono mdogo uliounganishwa na ekseli. Abiria wakiongezeka gari linashuka kidogo, mkono unafungua valvu, upepo unaingia, gari linarudi kimo chake. Wakishuka, valvu inatoa upepo. Dereva hagusi kitu.

Mfumo wa pili ni wa puto saidizi. Springi za chuma zinabaki palepale, na puto moja kila upande linawekwa pembeni yake kusaidia. Huu ndio unaofungwa kwenye magari mengi ya kulala, na ndio tunaouzungumzia hapa. Presha yake hupangwa na mtu, kwa kompresa ndogo ya volti 12 yenye geji ndani ya kabini, au kwa pua ya kujazia kama ya tairi iliyofichwa karibu na bampa. Mtu akikuambia kwamba puto likipasuka gari halitembei, ujue anazungumzia basi.

Sasa tuone puto linafanya nini hasa. Nguvu linayotoa ni presha mara eneo la uso wake. Chukua puto lenye kipenyo cha kufanyia kazi cha sentimita 14: eneo lake ni kama sentimita za mraba 154. Ukilijaza psi 44, yaani takriban kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba, linasukuma chasisi juu kwa nguvu ya karibu kilo 470. Mawili yanasukuma karibu kilo 940. Ndiyo maana kitu chenye ukubwa wa sufuria ndogo kinaweza kunyanyua mkia wa gari zima.

Lakini fuata nguvu hiyo inakokwenda. Mzigo unakalia bodi, bodi inakalia chasisi, chasisi inakalia puto, puto linakalia ekseli, ekseli inakalia beringi na tairi. Kila kilo iliyobebwa na puto inashuka kwenye ekseli ileile na tairi zilezile. Kilichopunguziwa kazi ni springi ya chuma peke yake. Breki hazikuongezewa chochote, beringi hazikunenepa, na kibati cha mtengenezaji mlangoni kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa hakikubadilika. Watengenezaji wa maputo haya wenyewe huandika hivyo katika vitabu vyao: usizidishe uzito uliowekwa na aliyetengeneza gari. Hata lile tangazo la puto "la kilo 2,200" linataja uwezo wa mpira, nao hauna uhusiano na uwezo wa gari lako.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Springi ya chuma ya kawaida ina ugumu karibu uleule: kilo 100 zikiishusha sentimita moja, kilo 100 nyingine zitaishusha sentimita nyingine. Upepo hauko hivyo. Ukibanwa, presha hupanda, kwa hiyo kila sentimita ya kushuka ni ngumu kuliko iliyotangulia. Gari likitumbukia shimoni, puto huanza laini na kumalizia gumu, na ekseli haigongi chasisi ovyo. Tena ugumu huo unaupanga mwenyewe: gari likiwa limejaa maji na mafuta unaongeza, likiwa tupu unapunguza. Springi nene ya chuma iliyoongezwa vipande haikupi hiari hiyo. Ukishusha mzigo, inabaki ngumu na kukurusha kitini kutoka Mto wa Mbu hadi Engaruka.

Mzigo hupita wapi

Hili ndilo eneo ambalo mafundi wengi hulipitia haraka, na ndilo linalovunja magari.

Springi ya vipande, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, hushikilia chasisi sehemu mbili: mbele ya ekseli na nyuma ya ekseli, penye bushi (mpira wa kiungo) na shakeli (kiungo kinachocheza). Uzito umegawanyika katika nukta mbili zilizoachana kwa mita moja na zaidi. Puto hushikilia chasisi sehemu moja tu, juu kabisa ya ekseli. Fikiria mti wa mzega. Ukibebwa na watu wawili, kila mmoja mwisho wake, hata mti mwembamba unavumilia. Ukiwekwa begani pa mtu mmoja na ndoo zikaning'inia huku na huku, mti unapinda, na ukivunjika, unavunjika pale begani. Puto lililojazwa kupita kiasi ndilo hilo bega. Mkia wa gari wenye tairi za akiba na madumu ni ndoo ya nyuma, na bodi yenye kitanda ni ndoo ya mbele.

Pikapu za milango minne zenye maputo yaliyojazwa sana na mzigo mzito nyuma ya ekseli zinajulikana kwa kupinda chasisi, na mara nyingi hupinda juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Anayelaumiwa huwa puto. Ukiangalia vizuri utakuta mambo matatu yamekutana: uzito uliopita kiwango, mkia mrefu, na presha kubwa iliyoficha hayo mawili. Bila puto, gari lile lingekaa chini nyuma na kumwonya mwenye gari. Puto lilizima onyo.

Kwa hiyo hesabu ya mkia ni muhimu kuliko hesabu ya puto. Chukua Land Cruiser 79, ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni karibu mita 3.2. Nyuma ya bodi umetengeneza fremu ya chuma ya kilo 40, ukaning'iniza tairi mbili za akiba za kilo 35 kila moja, na madumu mawili ya dizeli yenye kilo 20 hivi kila moja. Jumla ni kilo 150. Tuseme vyote viko mita 1.6 nyuma ya ekseli. Kwa kuwa vimepita nje ya ekseli, vinafanya kazi kama wenzo: ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 150, inaongezewa kilo 225. Hizo 75 za ziada zimetoka mbele, zimenyanyuliwa kutoka kwenye tairi zinazokata kona. Ndiyo sababu gari lililojaa nyuma huwa na usukani mwepesi wa kutia wasiwasi kwenye mteremko, na kwa Ducato, ambayo huvutwa na tairi za mbele, ndiyo sababu linateleza bure kwenye tope la Karatu.

Je, ukijaza puto na kuinua nyuma, zile kilo 75 zinarudi mbele? Watu wengi huapa kwamba zinarudi kwa sababu gari limenyooka. Hazirudi. Kunyanyua mkia sentimita 5 kwenye gari la tani tatu hurudisha mbele kilo kumi na kitu tu. Macho yanaona gari limesawazika, lakini mzani unaona kilekile. Dawa ya uzito wa mkia ni kuhamisha vitu: tairi moja ya akiba iende chini ya chasisi au juu mbele, tenki la maji liwe kati ya ekseli mbili, betri ziwe nyuma ya kiti cha dereva.

Pima kabla ya kununua

Kabla ya kutoa shilingi kwa ajili ya puto, pima gari likiwa limejaa kama siku ya safari: mafuta, maji, chakula, gesi, watu vitini. Lita 180 za dizeli ni kilo 150. Lita 80 za maji ni kilo 80. Hema la juu ni kati ya kilo 50 na 70. Betri moja ya risasi ya Ah 100 hukaribia kilo 30. Vitu hivi havionekani vizito kimojakimoja, na hapo ndipo vinapokupata.

Mizani ya kupimia malori kwenye maghala na viwanda hufaa. Pitisha mara tatu: tairi za mbele peke yake, za nyuma peke yake, gari zima. Kisha linganisha na kibati cha mlangoni, ambacho kwa kawaida hutaja uzito wa jumla na mara nyingi uzito wa kila ekseli. Linganisha pia na tairi. Pembeni mwa tairi kuna namba ya uwezo: 116 maana yake ni kilo 1,250 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Ekseli yenye tairi mbili za namba 116 haina ruhusa ya kubeba zaidi ya kilo 2,500, puto liwepo lisiwepo.

Hapa kuna jambo la kisheria linalochanganya watu. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inayataka magari ya tani 3.5 na zaidi kupita mizani, na magari mengi ya kulala yaliyojengwa juu ya malori madogo yanaingia humo. Sheria hiyo inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi pacha. Dereva akipita mizani ya Njia Panda Himo bila kusimamishwa, anajiona salama. Kikomo cha tani 10 kimewekwa kulinda barabara. Kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji kwenye kibati, pengine tani 2 na kitu kwa ekseli ya nyuma, ndicho kinachokulinda wewe, na usitegemee mtu wa mizani akikague kwa niaba yako.

Ukishapima, matokeo yatakuangukia katika hali moja kati ya tatu. Ikiwa uzito umezidi, punguza, na suala la puto lisubiri. Ikiwa uzito uko ndani ya kiwango lakini springi zimechoka, zimenyooka au zimepinda kinyume, badilisha springi kwanza. Kufunga puto juu ya springi iliyokufa ni kulifanya puto libebe kila kitu, jambo ambalo halikutengenezewa. Ikiwa uzito uko ndani ya kiwango, springi ni nzima, lakini mzigo hubadilika kati ya safari na safari au gari hukaa chini kidogo likijaa, hapo puto saidizi ni jibu zuri kuliko kuongeza vipande vya springi.

Kwa magari yenye springi za koili nyuma, yaani chuma kilichosokotwa mviringo, kama Land Cruiser 80 na Prado, kuna puto dogo linaloingia ndani ya koili. Hilo ni la kazi nyepesi, mengi yana kikomo cha psi 35, na halina ule ubaya wa kuhamisha mzigo, kwa kuwa linasukuma palepale koili inaposukuma. Usilijaze kama lile kubwa la springi za vipande, ambalo kwa kawaida hufika psi 100.

Valvu ya breki isiyokumbukwa

Magari mengi ya mizigo yasiyo na ABS (kompyuta inayozuia tairi zisigande wakati wa breki), zikiwemo Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani na Ducato za miaka ya nyuma, yana valvu ya breki iliyofungwa kwenye chasisi, ikiwa na fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kusoma mzigo kwa kutumia kimo. Gari likikaa chini, valvu inaelewa kuna mzigo na kupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Gari likiwa juu, inaelewa ni tupu na kupunguza, tairi za nyuma zisije zikaganda.

Sasa funga puto, nyanyua nyuma sentimita 6. Gari lina tani tatu, lakini valvu inaona gari tupu. Breki za nyuma zinapunguziwa nguvu, za mbele zinafanya kazi ya wote, na unateremka kutoka ukingo wa Ngorongoro kuelekea Karatu na diski zinazofuka moshi. Fundi akimaliza kufunga puto bila kuigusa fimbo hiyo, hajamaliza. Fimbo inarekebishwa au kibano chake kinahamishwa ili kimo kipya chenye mzigo kisomeke kama cha mzigo, kisha breki zinajaribiwa mahali pa wazi, gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Kama gari lako halina valvu hiyo, kazi ya kugawa breki mara nyingi inafanywa na kompyuta ya ABS na jambo hili halikuhusu.

Kufunga

Kazi yenyewe si ngumu kwa fundi makini. Huchukua siku moja. Gari liwe sehemu tambarare, tairi za mbele zizuiwe, chasisi ikae juu ya stendi za chuma na ekseli ishikiliwe kwa jeki. Pima na uandike kimo cha pembe nne, kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, kabla hujafungua nati yoyote.

Kwa seti nyingi, puto linachukua nafasi ya ile raba inayozuia ekseli isigonge chasisi. Uliza kama puto lako lina raba ya namna hiyo ndani yake. Kama halina na ile ya nje imetolewa, siku upepo ukiisha chuma kitagonga chuma.

Vibano vifungwe kwa bolti. Kuchomelea kwenye chasisi hulainisha chuma pembeni ya mchomo, na ufa huanzia hapo. Ikilazimu kutoboa, toboa ubavu wa chasisi karibu na katikati ya kimo chake, kamwe usitoboe ukingo wa juu wala wa chini, kwani huko ndiko nguvu ya kupinda iliko kubwa. Paka rangi tundu kabla ya kuweka bolti. Kibano cha juu kikiwa kirefu, kinachogawa nguvu kwenye sentimita 30 za chasisi, ni bora mara nyingi kuliko kisahani kidogo chenye bolti mbili. Hapa usibane matumizi.

Puto likijazwa hadi mwisho lizungukwe na nafasi ya angalau sentimita moja na nusu, lisiguse springi, waya, wala mpira wa breki. Kutoka kwenye ekzosi liwe mbali sentimita 15 au zaidi, au kuwe na bati la kuzuia joto. Shingo ya ekzosi inayopita karibu na puto la upande mmoja ndiyo chanzo cha kawaida cha lile la upande huo kufa mapema huku mwenzake akiwa mzima.

Paipu nyembamba ya nailoni, mara nyingi ya milimita 6, ikatwe kwa wembe mkali, mkato usiwe wa mshazari. Ikikatwa kwa msumeno au koleo inakuwa ya mviringo mbovu, na kiungo cha kusukumiza kitavuja kidogokidogo usiku kucha. Puto la kushoto na la kulia yawe na paipu zake mbalimbali. Kuna wanaoyaunganisha kwa kiungo cha njia tatu ili kuokoa pua moja. Kwenye kona upepo hukimbia kutoka puto linalobanwa kwenda lile lililo huru, na gari huinama zaidi ya lilivyoinama kabla ya kufungwa kitu chochote. Kwa gari refu lenye hema juu, hilo ni hatari.

Jaza, pulizia maji ya sabuni kila kiungo, tafuta mapovu. Acha gari saa 24. Kupungua psi 2 hadi 4 mwanzoni si ajabu. Zaidi ya 5 kuna mahali panapovuja. Baada ya kilomita mia tano hivi, au baada ya safari ya kwanza ya vumbi, kaza tena bolti zote.

Kitu kimoja zaidi kwa gari la porini. Ekseli ikining'inia, tuseme umevuka mtaro kwa mshazari na tairi moja imebaki hewani, puto linavutwa. Likivutwa kupita urefu wake linang'oka kwenye kisahani. Hakikisha shokapu inafika mwisho kabla ya puto, au tumia kibano ambacho puto limekalia tu bila kufungwa upande wa chini, likaachia ekseli ishuke na kurudi. Madai ya "zinapasuka Serengeti" mengi yanatokana na hapa: gari lilinyanyuliwa kwa shokapu ndefu, puto likabaki la urefu wa kawaida.

Presha gani

Hakuna namba moja. Ipo njia. Gari likiwa tupu, acha psi 5 hadi 10. Usiache sifuri, kwa sababu puto tupu hukunjwa vibaya, mpira ukajisaga wenyewe na mchanga ukaingia kwenye mikunjo. Likishajaa, pima kimo cha nyuma tena. Tuseme kimeshuka milimita 70. Ongeza psi 5, tikisa gari, pima, ongeza tena, mpaka kimo kirudi milimita 15 au 20 chini ya kile cha gari tupu. Simama hapo. Ukilirudisha mpaka juu kabisa, umelipatia puto kazi ambayo springi ingeifanya, na mzigo wote umeanza kupita begani. Land Cruiser nyingi zilizo ndani ya uzito wake hutulia kati ya psi 20 na 40. Ikiwa gari lako linahitaji 70 ili linyooke, rudi kwenye mzani.

Kwenye lami ya Arusha hadi lango la Ngorongoro presha hiyo inafaa. Ukiingia vumbi lenye migongo ya mfululizo, punguza psi 5 hadi 10. Puto gumu hurusha ekseli juu, na shokapu, ambazo zilitengenezwa kutuliza springi ya asili, hushindwa kulizuia lisirudi kwa kasi. Hupata moto, mafuta yake hutoa povu, gari huanza kucheza mkia. Shokapu dhaifu na puto gumu ni ndoa mbaya. Kama shokapu zina umri, zibadilishwe siku ileile ya kufunga puto.

Huhitaji kurekebisha kwa ajili ya mwinuko. Kutoka Moshi, karibu mita 850 juu ya usawa wa bahari, hadi ukingo wa kreta kwenye mita 2,300 hivi, hewa ya nje hupungua nguvu na geji ingepanda kama psi 2; baridi ya kule huirudisha chini kwa kiasi kinachokaribiana. Asubuhi ya kambini geji ikisoma pungufu psi 2 au 3 kuliko jana mchana, ni baridi. Ikipungua upande mmoja tu, hiyo ni paipu.

Vumbi laini la majivu ya volkano upande wa Natron hujikusanya kwenye mikunjo ya puto. Osha kwa maji matupu kila baada ya safari, kagua kama kuna mipasuko midogo au sehemu iliyong'aa kwa kusuguliwa. Epuka kupaka grisi au dizeli "ili mpira usikauke". Mafuta ndiyo yanayoula. Na maputo ya mitumba kutoka kwenye malori yaache: umri wa mpira hauonekani kwa macho, na ukubwa wake haulingani na springi zako.

Puto moja likipasuka njiani, toa upepo kwenye la pili pia, mpaka gari likae sawa pande zote mbili hata kama limeshuka. Gari lililoinamia upande mmoja ni baya kuliko gari lililokaa chini. Hamisha madumu na vitu vizito vya nyuma viende mbele, ziba paipu ya puto lililopasuka ili mchanga usiingie, angalia kama mpira uliochanika haugusi tairi wala paipu ya breki, kisha endelea kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ukipunguza mwendo hadi kukaribia kusimama kila penye tuta. Springi za chuma zitakufikisha Karatu.